Muuzaji kwanza, udi baadaye: Jinsi mpigaji anavyoweza kuepuka hasara

MPIGAJI udi wa Kisauni ambaye alianza kwa udi wa kuazima, kisha akapata wake wa kwanza kwa bei ya chini, hufika siku akahitaji udi bora zaidi. Mialiko ya arusi imeongezeka, kundi limeanza kumtegemea, na udi wa awali haumudu tena kazi. Vigingi vinateleza katikati ya wimbo, nyuzi zimeinuka mno juu ya shingo na vidole vinauma kabla ya usiku wa manane.

Fedha anazokusanya ili kuubadilisha huwa ni malipo ya arusi za misimu kadhaa. Akikosea safari hii, hana akiba ya kununua mwingine. Aghalabu kosa huanzia kwa muuzaji, kabla hata udi haujatolewa kwenye mfuko wake.

Udi wa kwanza haudai mengi. Mwanafunzi anahitaji ala inayokubali kutiwa sauti na kukaa nayo kwa muda wa somo moja. Udi wa pili ni jambo jingine, kwa kuwa tofauti kati ya ala ya wastani na iliyo bora imo katika mambo ambayo macho ya mnunuzi hayayaoni kwa urahisi: ukavu wa mbao, unene wa ubao wa uso, na pembe ambayo shingo imeunganishwa na tumbo. Muuzaji asiyeyajua hayo hawezi kuyaeleza, hata akiwa mwaminifu.

Tumbo la udi huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kuunganishwa kwa gundi. Uso wake ni ubao mwepesi wa jamii ya misonobari, ambao unene wake hukaribia milimita 2 tu. Juu ya ubao huo mwembamba ndipo daraja linaloshikilia nyuzi hubandikwa, na nyuzi huvuta daraja hilo mchana na usiku. Udi unaopigwa sana Pwani huwa na nyuzi 11, yaani jozi 5 na uzi mmoja mnene. Haustaajabishi, basi, uso unaofura au daraja linalobanduka.

Hali ya hewa ya Pwani huongeza mashaka. Udi uliotengenezwa mahali penye hewa kavu, kisha ukaletwa Mombasa, hufyonza unyevu. Ubao wa uso hutanuka na kupanda, daraja hupanda nao, na nyuzi zilizokuwa umbali wa milimita 3 hivi kutoka shingoni, mahali inapokutana na tumbo, huenda zikafika milimita 5. Kwa msomaji asiyepiga ala hizo ni milimita 2 tu. Kwa mpigaji ni tofauti baina ya kupiga saa nne na kuchoka kwa saa moja.

Hiyo ndiyo sababu swali la kwanza la kumuuliza muuzaji halihusu bei. Linahusu muda ambao udi umekaa Mombasa. Uliokwisha pitia masika moja dukani au nyumbani kwa muuzaji, ukabaki umenyooka, una ushahidi ambao udi ulioshuka jana kwenye ndege hauna.

Anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe aghalabu hulazimika kuvuka kuingia kisiwani kutafuta ala za muziki. Huko hukutana na maduka yanayouza magitaa, vinanda vya umeme na vipaza sauti, na pengine udi mmoja uliotundikwa ukutani kama pambo. (Anayeulizia udi katika maduka mengine huonyeshwa vibanda vya ubani na uvumba, kwa kuwa neno ni lile lile.) Duka la aina hiyo lina faida moja kubwa: lina mlango, na mlango huo utakuwepo mwezi ujao. Lina kasoro moja pia, kwamba mara nyingi hakuna mtu ndani yake anayeupiga udi huo wala kuutengeneza.

Kipimo ni chepesi. Mnunuzi aombe nyuzi zishushwe kidogo, au kigingi kinachoteleza kirekebishwe, kabla ya kulipa. Muuzaji anayejibu kwamba udi wote huwa hivyo ameshajieleza. Anayesema atamwita fundi wake, na fundi akaja, ameonyesha kwamba ala ikiharibika kuna mahali pa kurudi.

Njia ya pili ni ya jamaa na marafiki walio Ghuba. Familia nyingi za Mombasa zina ndugu Muscat au Dubai, na udi husafiri katika mizigo yao pamoja na manukato na vitambaa. Njia hii ina undugu ndani yake, na hapo ndipo ugumu unapozuka. Binamu aliyeubeba udi kwa mikono yake kutoka uwanja wa ndege hadi Changamwe hawezi kurudishiwa kwa urahisi. Kumlalamikia ni kuvunja heshima, na kunyamaza ni kubaki na udi usiofaa. Afadhali jamaa huyo atumwe kwa fundi aliyetajwa kwa jina na kupewa vipimo, kuliko kuambiwa alete udi mzuri.

Vipimo si vingi. Udi wa Kiarabu huwa na nyuzi ndefu kidogo, za kiasi cha sentimita 61 kutoka kichwani hadi darajani, ilhali wa Kituruki hukaribia sentimita 58 na nusu na hutiwa sauti ya juu zaidi. Aliyezoea wa kwanza akiletewa wa pili atajikuta akitafuta sauti mahali ambapo hazipo, maana udi hauna vituo vya chuma shingoni vya kumwongoza. Isitoshe, masoko ya watalii Mashariki ya Kati yamejaa udi wa pambo, uliotiwa nakshi za kome kila upande, ambao haukukusudiwa kupigwa. Nakshi hazitoi sauti.

Mtaa wa Mohamed Ali jijini Cairo una sifa ya miaka mingi ya mafundi wa udi, na Zanzibar imefungamana na Misri kimuziki tangu Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipompeleka Mohamed bin Ibrahim huko akajifunze muziki. Lakini kuwa na sifa kwa mtaa si dhamana ya kila kilichouzwa mtaani humo. Cheti kilichobandikwa ndani ya tumbo, kinachosomeka kupitia tundu la uso, huweza kuchapishwa na yeyote. Muuzaji anayekitegemea cheti pekee, asiweze kusema udi ulipitia kwa nani kabla ya kumfikia, asipewe fedha.

Njia ya tatu, na pengine iliyo bora kwa mpigaji wa Mombasa, ni kununua kwa mpigaji mwingine. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyejijengea jina Mombasa, alidhihirisha jinsi udi unavyoweza kuubeba wimbo mzima, na waliomfuata wangalipo. Mpigaji mzee anapouza udi wake, mnunuzi amekwisha kuusikia arusini mara nyingi. Anajua unavyolia ukiwa peke yake na unavyolia katikati ya ngoma na vipaza sauti.

Aidha, safari ya Zanzibar haipaswi kudharauliwa. Basi la kuvuka Likoni kuelekea mpakani Lungalunga huanzisha safari inayoishia Unguja, ambako kundi la Ikhwani Safaa lilianzishwa mwaka 1905 na chuo cha muziki cha nchi za jahazi kikafunguliwa mwaka 2002. Mahali penye walimu na wanafunzi wa udi ndipo penye watu wanaojua nani anauza, nani anatengeneza, na nani akwepwe. Nauli ya safari hiyo ni sehemu ndogo ya hasara ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa muuzaji yeyote, udi utiwe sauti na kuachwa kwa saa nzima, kisha usikilizwe tena. Mnunuzi autazame uso kwa ubavu, mwanga ukiupitia, aone kama umefura au kuzama. Apitishe ukingo wa karatasi nyembamba chini ya daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Agonge uso polepole kwa kidole na kusikiliza mtetemo wa ubao uliolegea ndani. Halafu ampe mwenziwe apige, naye asimame upande wa pili wa chumba, kwa kuwa sauti anayoisikia mpigaji siyo inayowafikia waalikwa.

Mwenye kutafuta mandolini ana afueni kidogo. Ala hiyo yenye nyuzi 8 katika jozi 4, ambayo wapenzi wa filamu za Kihindi wanaifahamu vyema, ina vituo vya chuma. Kila uzi ukibanwa katika kituo cha 12 sharti utoe sauti ile ile ya uzi mtupu, ila ya juu zaidi. Usipofanya hivyo, muuzaji asogeze daraja papo hapo. Akishindwa kufanya kazi hiyo ndogo, mnunuzi ashukuru kwa kulijua hilo mapema.

Mintarafu ya sheria, Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inafafanua haki zao. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Hata hivyo, haki hizo humfaa mwenye ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba fedha zilitumwa, lakini hausemi zilinunua nini wala kwa masharti gani. Karatasi yenye sahihi mbili, inayotaja ala, nyuzi zake, kasoro zinazojulikana na siku za kuijaribu, huandikwa kwa dakika tano.

Muuzaji mwenye kuiamini ala yake hatakataa kutoa wiki moja au mbili za majaribio, amana ikiwa mkononi mwake. Anayekataa huenda ana sababu zake, lakini mnunuzi hana haja ya kuzigharamia.

Anayenunua wakati wa kaskazi, hewa ikiwa bado kavu, ana sharti moja zaidi la kuliandika katika karatasi hiyo: kwamba masika yakipita atavuka tena na udi wake, na muuzaji au fundi wake ataupima urefu wa nyuzi na kuzishusha bila malipo ikibidi.