Lita Moja ya Esansi kwenye Njia ya Obokote
Utangulizi

Asubuhi ya safari, motari, yaani dereva wa pikipiki, wa Obokote anafungua tanki, anachovya kijiti, anakitoa na kuangalia kilipolowa. Kisha anatazama mzigo: abiria mmoja, nusu gunia la mchele, dumu la mawese. Anatazama mawingu upande anaokwenda, anakiangalia tena kile kijiti, halafu anamwita kadhafi, muuza esansi wa kando ya njia, amwongezee chupa mbili. Elimu ninayokukaribishia humu ni hiyo hiyo hesabu ya kijiti. Yeye anaijua kwa mkono, na sisi tutaitafutia sababu zake.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Obokote ni sehemu ya territori ya Lubutu, kaskazini mwa Maniema. Kindu, makao makuu ya jimbo, iko kusini karibu kilomita 250 ukikata moja kwa moja kama ndege, na hakuna barabara inayokata moja kwa moja. Lubutu inapitiwa na Barabara ya Taifa namba 3, itokayo Kisangani kwenda Bukavu. Ukiiacha na kuingia njia za vijijini, unakanyaga udongo mwekundu unaogeuka uji mvua ikinyesha, na katika msitu huu mvua haina haya.

Tuanze na lita yenyewe. Esansi ya chupa moja ya lita imebeba nishati ambayo, kama isingepotea hata chembe, ingeinua mzigo wa tani moja kwenda juu zaidi ya kilomita tatu. Sasa uliza kwa nini lita hiyo haikuvushi hata mto wa pili ukiwa na gunia moja tu. Sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, inatoka kama joto: ishike injini ya pikipiki iliyotoka safarini uone. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba mashine ya joto ina kikomo chake, na hakuna fundi awezaye kukivuka. Kwa hiyo anayekuuzia kidude cha kutia kwenye karabureta ili utumie nusu ya mafuta, mwulize kwanza ni joto gani amelirudisha kazini.

Robo inayobaki ndiyo inayogombaniwa na hewa, tairi, mlima na breki. Hapa ndipo vitabu vya wenzetu wa ng'ambo kuhusu kuokoa mafuta vinapotupoteza. Vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini kwa lami tupu, kilomita 100 kwa saa, na kwa mtu huyo adui mkuu ni hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Ndiyo maana Honda Insight ya mwaka 1999 ilichongwa kama tone la maji, na magurudumu yake ya nyuma yakafunikwa ubavuni ili upepo uteleze. Ilikuwa gari la akili sana. Ilete kwetu mwezi wa mvua: vifuniko vile vitajaa tope kabla hujafika kijiji cha tatu, na gurudumu litasimama. Kwenye tope, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, makadirio yangu ni kwamba udongo unaikaba pikipiki yenye mzigo mara kumi na zaidi kuliko hewa. Kuinama juu ya usukani hakukusaidii chochote, ila utaumwa mgongo.

Tairi nayo ina mambo yake. Kwenye lami, tairi iliyojaa upepo hujikunja kidogo, hivyo hula mafuta kidogo. Kwenye tope tairi hiyo hiyo ngumu huzama kama kisu, na ukipunguza upepo kiasi, unyayo wake hupanuka na uzito hutawanyika. Ushauri mmoja ni sahihi na ni kosa ndani ya siku moja, ikitegemea uko upande gani wa mto. Na tusiizungumzie tairi kana kwamba ni kitu cha wageni. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi ya upepo huko Belfast mwaka 1888, dunia ilishikwa na njaa ya mpira, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji njaa hiyo ililipwa kwa mikono na roho za watu wa misitu kama huu.

Breki ndiyo mwizi asiyeshukiwa. Chukua pikipiki yenye jumla ya kilo 300, dereva, abiria na mzigo pamoja, ikienda kilomita 36 kwa saa. Ukisimama mbele ya shimo na kuurudisha tena mwendo ule ule, umemwaga karibu mililita 2 za esansi, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Ni kidogo? Mashimo 500 ni lita nzima. Ndiyo maana motari mzoefu anaachia gesi mapema, anaingia shimoni polepole na kutoka bila kugusa breki, na kijana aliyenunua pikipiki juzi anatoka mbio, anafunga breki, anatoka mbio tena, kisha anamlaumu kadhafi.

Kadhafi naye si malaika. Niliwahi kusukuma pikipiki kwa muda wa saa mbili kwa sababu ya esansi iliyotiwa maji. Maji ni mazito kuliko esansi, hukaa chini, na ndiko bomba la tanki linakovuta. Iache chupa itulie, kisha itazame kitako chake.

Kuhusu marekebisho ya pikipiki, sura ya nne itaeleza pinyoni kubwa ya nyuma: inakuvusha tope, lakini kwenye lami inaifanya injini ipige kelele na kunywa zaidi. Sura ya tano ni ya baiskeli, na nakiri mapema kuwa ndiyo niipendayo. Mfanyabiashara anayesukuma baiskeli yenye magunia, kijiti cha kuongozea kimefungwa kwenye usukani, si mtu aliyebaki nyuma ya wakati. Huko Dien Bien Phu, mwaka 1954, jeshi la Vietnam lilishinda likitegemea pia baiskeli za kusukumwa zilizobeba kilo 200 na zaidi kila moja, bila tone la esansi.

Huhitaji maabara ili kuanza. Jaza tanki hadi mdomoni, andika kilomita, beba unachobeba siku zote. Ukirudi, jaza tena hadi pale pale na uandike lita zilizoingia, pamoja na hali ya njia: kavu, mvua, au tope. Fanya hivyo mara kumi kabla ya kununua kifaa chochote. Sura ya kwanza inaanza na tairi. Kabla ya kuisoma, nenda kapime upepo wa tairi zako, asubuhi, zikiwa bado baridi.