Jicho Ndani ya Maji: Je, Kamera Yamfaa Mvuvi wa Ziwani?

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi jirani tunakizungumzia chombo kidogo ambacho sifa zake ni kubwa kuliko umbo lake. Chombo hicho ni kamera ya chini ya maji. Wanaokiuza husema kwamba humwezesha mvuvi kumwona samaki kabla hajamvua. Naye askari wa doria ziwani, akisikia sifa hizo, yaweza kumjia tamaa ya kuona kila kilichofichwa chini ya chombo chake. Maziwa yetu makubwa tunayatumia pamoja na majirani: Victoria pamoja na Kenya na Uganda, Tanganyika pamoja na Burundi, Kongo na Zambia, Nyasa pamoja na Malawi na Msumbiji. Basi ni haki kuuliza, kabla mtu hajatoa fedha yake au kikosi hakijatoa fedha ya umma: je, jicho hili lina manufaa, na lina manufaa katika maji gani?

Kamera hizi zilianza kupata umaarufu kwa wavuvi wa maziwa yanayoganda, mbali sana na hapa. Huko nako kuna nchi mbili jirani zinazogawana maziwa, Marekani na Kanada. Wakati wa baridi kali uso wa ziwa hugeuka kuwa barafu ngumu. Wataalamu wa jimbo la Minnesota huwaonya watu wasitembee juu yake kabla haijafikia unene wa sentimita 10 hivi. Mvuvi huenda kwa miguu, hutoboa tundu kwa keekee kubwa, huketi kando yake na kuteremsha ndoana. Chini ya barafu hiyo ziwa halijafa. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na joto la nyuzi 4 za Selsiasi, na kwa sababu hiyo hushuka chini, ilhali barafu, iliyo nyepesi, huelea juu kama kifuniko. Samaki huendelea kuishi chini ya kifuniko hicho.

Ni katika hali hiyo kamera ilipopata soko, hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kamera yenyewe huwekwa ndani ya kifuko kisichopenya maji, ikashushwa kwa waya mrefu, na picha hutokea kwenye kioo kidogo mbele ya mvuvi. Mambo matatu huisaidia. Kwanza, mvuvi hasogei. Tundu lake liko pale pale. Pili, barafu huzuia upepo usiyatibue maji. Tatu, wakati wa baridi mimea midogo mno ya majini, ile inayoyafanya maji kuwa ya kijani, huwa michache. Kwa hiyo, maji ya chini ya barafu mara nyingi huwa maangavu kuliko yale ya kiangazi.

Hata hivyo, katika nchi hizo hizo jibu si moja. Ziwa Simcoe, lililo kaskazini ya mji wa Toronto, lina maji maangavu, na huko mvuvi mwenye kamera huweza kumtazama samaki akikisogelea chambo, akisita, kisha akigeuka na kwenda zake. Somo hilo ni kubwa, kwani linamfundisha mvuvi kwamba penye ukimya si lazima pakose samaki. Huenda samaki yupo ila chambo hakijampendeza. Lakini katika ziwa liitwalo Lake of the Woods, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, maji mahali pengi yana rangi kama ya chai, na kamera huona hatua chache tu. Theluji ikilundikana juu ya barafu huzuia mwanga, na baridi yenyewe hupunguza nguvu ya betri. Ndiyo maana wavuvi wengi wa huko hutanguliza chombo cha mwangwi ili kutafuta samaki, na kamera hufuata baadaye ili kuthibitisha kilichopatikana.

Tofauti hiyo ya maziwa mawili inatuonyesha kiini cha jambo. Thamani ya kamera haimo katika kamera. Imo katika maji. Mwanga ukiingia majini hudhoofika upesi. Rangi nyekundu humezwa kwanza, katika mita chache za juu, na kadiri mtu anavyokwenda chini ndivyo kila kitu kinavyoelekea kuwa cha buluu au kijani. Ile miali isiyoonekana kwa macho, ambayo kamera nyingi huitumia gizani, humezwa upesi zaidi. Na kama maji yana matope au mimea midogo, kuongeza taa si dawa. Taa itaziangaza chembe zilizo mbele ya kamera, na kioo kitajaa weupe mtupu, kama taa za gari katika ukungu wa Njombe: zikiwashwa kali zaidi, dereva huona kidogo zaidi.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Mwaka 1865 padri na mwanasayansi wa Kiitalia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari kwa kuteremsha kisahani cheupe mpaka kikatoweka machoni. Kipimo hicho kinatumika duniani kote hadi leo. Mvuvi anaweza kufunga sahani nyeupe kwenye kamba yenye alama za mita, kuifungia kitu kizito, kisha kuishusha upande wa kivuli wa mtumbwi. Ikitoweka katika mita moja na nusu, asitarajie kamera kuona mbali kuliko hapo. Kamba na sahani vitamshauri vizuri kuliko tangazo la biashara.

Tukiitumia sahani hiyo katika ziwa Victoria, tutapata habari ya kuhuzunisha. Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lina kina kisichozidi mita 84. Watafiti wa miaka ya 1920 walikuta kwamba nje ya ghuba sahani huonekana hadi zaidi ya mita 6. Kufikia miaka ya 1990 mahali pengi ilikuwa ikitoweka kati ya mita 1 na 3. Udongo unaochukuliwa na mito kutoka mashambani, maji machafu ya miji na rutuba inayoingia ziwani vimeilisha ile mimea midogo, nayo imeyafanya maji kuwa mazito kwa ukijani. Hiyo ni kazi ya nchi zote zinazolizunguka ziwa, wala hakuna moja inayoweza kumnyoshea mwenzake kidole.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa samaki wenyewe. Katika ghuba ya Mwanza kuna jamii mbili za furu zilizo ndugu wa karibu. Dume la jamii moja ni la buluu. Dume la jamii ya pili lina wekundu mgongoni, na jamii hiyo ilipewa mwaka 1985 jina la kitaalamu nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike huchagua madume kwa kuangalia rangi. Mwaka 1997 wataalamu Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza kwamba pale maji yalipochafuka majike hawatofautishi rangi vizuri, madume hufifia, na jamii huchanganyika. Ndugu wasikilizaji, ikiwa samaki aliyezaliwa ndani ya maji hayo hamtambui mwenzake, kamera ya dukani itaona nini?

Jibu la ziwa Victoria basi ni la wazi. Kwa mvuvi wa sangara, ambaye Mkenya humwita mbuta na Mganda humwita mputa, kamera hailipi. Mvuvi wa nyavu hutega usiku. Mtalii anayevua kwa mshipi huukokota nyuma ya boti inayotembea, na kamera inayokokotwa huonyesha mapovu na ukungu. Fedha hiyo ingemfaa zaidi ikinunua boya la kujiokolea kwa kila mtu aliye chomboni.

Lakini pasipoona mwanga husikia sauti. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin na wenzake walitengeneza chombo cha kutafuta nyambizi kwa mwangwi. Elimu hiyo ya kivita ndiyo leo imo katika kisanduku cha mvuvi. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, wala haijali kama maji ni ya kijani au meusi. Chini pakiwa mita 40, mwangwi hurudi katika sehemu ya ishirini ya sekunde. Kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki hurudisha mwangwi mkubwa, na kwa alama hiyo samaki hujulikana alipo.

Majirani wa ziwa Victoria wamekwisha kuitumia njia hii kwa pamoja. Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mwaka 1994 mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, Uganda. Tangu mwaka 1999 upimaji wa samaki kwa mwangwi umefanywa kwa nyakati mbalimbali, meli ya utafiti ikipita katika njia zilizopangwa bila kusimama kwenye mpaka wa nchi yoyote. Hata hivyo mwangwi nao una upungufu. Hautaji jina la samaki, humpoteza yule aliyelala kwenye tope la chini, na karibu na ufuko hupata taabu. Ndiyo maana wapimaji hutega na nyavu pia, ili mkono ushuhudie kile ambacho sikio limesikia.

Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Lina kina cha mita 1,470, na mbali na midomo ya mito maji yake ni maangavu sana. Kuna siku sahani huonekana hata kupita mita 15. Kwenye miteremko ya miamba, mchana, kamera huona vizuri samaki wadogo wenye rangi ambao Burundi, Zambia na Tanzania zimewahi kuwauza nje kwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Huonyesha pia nyavu iliyonaswa kwenye jiwe, ikamwokoa mwenyewe asiikate ovyo. Lakini uvuvi mkubwa wa ziwa hilo ni wa usiku: dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, na migebuka, ambao wao huwaita mukeke. Dagaa hufuata taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri. Mvuvi huyo huwaona kwa macho yake wakikusanyika kwenye mwanga, wala hahitaji kioo kingine. Tena chini ya mita 200 hivi ziwa halina hewa ya kutosha kwa samaki. Kamera ikifika huko haina cha kuonyesha.

Sasa tuseme machache juu ya wenye jukumu la ulinzi. Uganda iliingiza jeshi lake katika ulinzi wa uvuvi mwaka 2017, na ukali wa operesheni hizo umezusha malalamiko ya wavuvi na mjadala bungeni. Mjadala huo una funzo kwa kila askari wa doria: ushahidi hauna budi kuwa bora kuliko shuku. Kamera katika maji maangavu yaweza kuonyesha kwamba kuna nyavu iliyotegwa, lakini ukubwa wa tundu la nyavu hupimwa kwa kuishika mkononi na kuiwekea rula, mbele ya mwenyewe. Picha haitoshi kumtia mtu hatiani, wala haitoshi kuichoma nyavu yake.

Na pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini, tukumbuke kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, kikaua watu zaidi ya 220. Iliripotiwa kwamba wazamiaji walisikia sauti kutoka ndani, na tarehe 22 mhandisi mmoja alitolewa akiwa hai katika chumba kilichobakia na hewa. Katika maji kama hayo mzamiaji huongozwa na kamba, mkono na sikio. Kikosi cha uokoaji chenye fedha ya chombo kimoja tu kinunue kwanza chombo cha mwangwi na mafunzo. Kamera ije baadaye, kwa kukagua kwa karibu kitu ambacho mahali pake pamekwisha kujulikana.

Liko neno la mwisho ambalo wauzaji hawalisemi. Chombo kinachomwonyesha mvuvi samaki hakiongezi samaki hata mmoja. Katika ziwa lenye samaki tele humpunguzia mvuvi taabu. Katika ziwa linaloishiwa humsaidia kumfikia yule wa mwisho. Chombo hicho hicho mikononi mwa watafiti wa nchi zote jirani huhesabu akiba iliyobaki, ili kila nchi ijue kiasi cha kuvua na kiasi cha kuacha.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kamera ya chini ya maji ina manufaa kwa mvuvi aliyeketi juu ya barafu penye maji maangavu, na kwa kazi chache za mchana katika Tanganyika na Nyasa. Katika Victoria haina manufaa kwa sasa. Siku ambayo sahani nyeupe itaonekana tena katika mita 6 za ziwa hilo, kamera nayo itafaa. Lakini siku hiyo italetwa na udongo utakaozuiwa mashambani na maji machafu yatakayosafishwa mijini, Kisumu, Kampala na Mwanza kwa pamoja.