Wakala wa mchezaji naye apimwe kwa mizani

MKULIMA wa Kisiwani, wilayani Same, anaijua lumbesa. Gunia hujazwa kupita mdomo wake, dalali akalipa bei ya gunia moja, na faida ikaondoka naye.

Soka nako kuna madalali, nao huitwa mawakala wa wachezaji. Mbwana Samatta alipojiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, Watanzania waliona wazi kuwa kipaji cha mtoto ni mtaji. Matapeli nao waliliona hilo.

Tapeli huanza kwa kudai fedha za viza na za majaribio Ulaya. Mzazi huuza mbuzi, pengine hata shamba, kisha simu ya tapeli haipatikani tena. Wakala halali hula kamisheni baada ya mchezaji kupata mkataba, kama dalali anavyolipwa mzigo ukishauzwa.

Vipimo vipo. Mwaka 2023 Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) lilirejesha mtihani na leseni kwa mawakala, na majina ya wenye leseni huwekwa kwenye tovuti yake. Mkataba wa wakala na mchezaji sharti uwe wa maandishi, usiozidi miaka miwili. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

Kwa hiyo mzazi aombe leseni kabla ya kutia saini, wala asitoe fedha ya kutangulia. Mnunuzi mwaminifu haogopi mizani. Wakala mwaminifu naye hakasiriki akiulizwa.