Joka, Mchawi na Mganga: Shida ya Kufasiri Kitabu cha Kati

Hadithi za majoka na wachawi waandikiwazo vijana huja aghalabu kwa mfululizo, na mfasiri wa Kiswahili ashikapo kitabu cha kwanza huwa hajui kwamba neno alichagualo humo litamfunga mikono katika kitabu cha pili. Mfano ulio wazi ni masimulizi ya Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki 2018. A Wizard of Earthsea kilitoka 1968, The Tombs of Atuan 1971, na The Farthest Shore 1972. Vingine vilifuata baadaye. Katika hivyo vitatu, cha kati ndicho kitakachomtoa jasho mfasiri, ijapokuwa ni kifupi, na majoka hayatokei humo ila kwa kutajwa.

Sababu yake ni hii. Kitabu cha kwanza chamfuata Ged, mtoto mchunga mbuzi ambaye elimu ya majina ya kweli ya vitu yampa uwezo mkubwa. Cha pili chamwacha na kumfuata Tenar, msichana aliyetwaliwa utotoni awe kuhani wa makaburi ya kale katika nchi ya Wakargad. Watu hao huwachukia wenye elimu ya Ged, na yeye aingiapo gizani chini ya makaburi, machoni pa Tenar ni mwizi na mchafuzi wa mahali patakatifu. Mtu ni yule yule na elimu ni ile ile, lakini jicho limegeuka. Kiingereza chaweza kutumia neno moja kwa pande zote mbili. Kiswahili hakiwezi, kwani kimekwisha kuhukumu kabla ya hadithi kuanza.

Na atazamwe kijana wa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, karibu na Ruaha Mdogo, ambapo barabara kuu ya Mbeya huachana na njia ipandayo mjini. Kwake mchawi si mzee mwenye ndevu na kofia ndefu. Ni tuhuma. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo ingali katika sheria za Tanzania, haikomei kwa ajidaiye kuwa na uwezo huo. Yamgusa pia amtajaye mwenziwe kwa jina hilo. Neno ambalo kulitamka kwaweza kumfikisha mtu mahakamani, na ambalo limewaponza wazee wasio na hatia, haliwezi kuwa jina la shujaa kwa sababu tu kamusi imeliweka mkabala na neno la Kiingereza.

Maneno mengine yapo. Mlozi, litokanalo na kuloga, ni baya sawasawa na mchawi. Msihiri lina heshima ya kitabuni, lakini sihiri imekatazwa na dini, na msomaji wa pwani hatalisahau hilo. Labaki mganga, ambalo asili yake ni kuganga, yaani kutibu na kuunga kilichovunjika. Na kazi kubwa ya Ged katika kitabu hiki cha kati ni kuunga pete iliyokatika vipande viwili. Hapana neno lifaalo zaidi. Basi Wakargad na waseme mchawi, watu wa visiwani waseme mganga, na Tenar mwenyewe ahame polepole kutoka neno la kwanza hadi la pili. Mfasiri aliyeandika mchawi tangu ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza amekwisha kuipoteza safari hiyo.

Nyanda za Juu za Kusini zina ushahidi wa kuunga mkono uchaguzi huu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha 1951 kwamba kwa imani yao uwezo wa mchawi ulikuwa chatu akaaye tumboni. Lakini walinzi wa kijiji, abamanga, walikuwa nao pia, na kwa uwezo huo waliwaona wachawi ndotoni na kupigana nao. Nyoka na mwenye siri walikuwa mwili mmoja, na kilichomtenga mlinzi na mwovu ni matumizi. Msomaji aliyelelewa na masimulizi ya namna hii hahitaji kufundishwa mambo ya Ged. Ahitaji tu mfasiri asimzibie njia.

Joka nalo lina utata wake, ila huu ni wa sarufi. Nyoka na joka ni kama nyumba na jumba: katika umbo la ukubwa, ny ya mwanzo imeondoka na j imeshika mahali pake. Ukubwa huu huchukua dharau. Kusema joka lile lilisema ni kumshusha msemaji awe kitu. Kusema joka yule alisema ni kumpa nafsi. Wafasiri wa Biblia ya 1952, katika Ufunuo, walichanganya: sifa za joka zafuata ngeli ya ji-, ilhali viashiria na vitenzi vyake ni vya kiumbe. Katika masimulizi ya Le Guin majoka husema lugha ya kale ya uumbaji, tena huweza kudanganya kwayo, jambo lisilowezekana kwa binadamu. Viumbe wa namna hiyo wastahili upatanisho wa kiumbe pasipo kusita. Wala nunda haliwezi kushika mahali pa joka: katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, nunda ni paka wa Sultani aliyeachwa ale mifugo hadi akala watu.

Lasalia jina la cheo apewacho Ged. Bwana wa majoka ladokeza umiliki, na kitabu cha kati chakana umiliki huo waziwazi: mwenye cheo hicho ni yule tu ambaye majoka hukubali kuzungumza naye. Msemaji wa majoka lamfanya wakili wao. Msemezwa na majoka ni refu kidogo, lakini lasema lile lililokusudiwa.