Ulezi wa Mtoto Mbele ya Mahakama za Meru na Embu
Katika mila za Wameru na Waembu, mtoto wa ndoa iliyolipiwa mahari alihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba, lakini leo hakimu anayeamua ulezi, yaani nani ataishi na mtoto na kumtunza, hufungwa na Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayotanguliza maslahi ya mtoto na kuwapa wazazi wajibu sawa, wawe walioana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haikuzifuta mila, ila imeziweka, na ndivyo inavyostahili, sambamba na mwenendo wa wazazi, madhara yaliyompata mtoto na matakwa yake mwenyewe. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.