CHESI: Mfalme wako analala wapi?

Ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya shule za upili, nami nikiwa kidato cha tatu. Timu yetu ilihitaji sare moja tu kutoka kwa bodi yangu ili isonge mbele. Kufikia hatua ya saba njia ilikuwa wazi: mfalme aende g1, ngome iruke hadi f1, mambo safi. Lakini malkia wangu alikuwa ameona kitunda cha bure pale b7. Nikajiambia, "Wacha nile kwanza, mfalme atajificha baadaye."

Hiyo baadaye haikufika. Faili ya e ilifunguka, ngome ya mpinzani ikatua e8 na kunipa cheki. Askofu wangu wa kuziba e2 alikuwa ameshaliwa. Huwezi kuingia ngomeni ukiwa kwenye cheki, kwa hivyo mfalme alitembea kwa miguu hadi f1, na haki ikaisha hapo hapo. Hatua kumi mbele nilikuwa nampa jamaa mkono. Kwenye basi la kurudi shuleni hakuna aliyeongea. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Hicho kitunda kilikuwa kitamu?"

Wengi wetu tunajua sheria. Mfalme na ngome hiyo wasiwe wamewahi kusonga, katikati yao pawe patupu, na mfalme asiwe kwenye cheki, wala asipite au kutua kwenye mraba unaoshambuliwa. Shida si sheria, ni saa.

Mechi inayofunza somo hili vizuri ilichezwa Paris mwaka wa 1858, ndani ya jumba la opera. Mmarekani Paul Morphy, akiwa na miaka 21, alicheza dhidi ya watu wawili walioshauriana: Duke wa Brunswick na Count Isouard. Hao wawili walimtoa malkia hadi e7, akamzibia askofu wao njia. Mfalme wao akabaki amekwama e8.

Morphy hakuwa na haraka ya kujificha. Alitoa farasi na maaskofu kwanza, akamtoa farasi mmoja kafara, kisha hatua ya 12 akaingia ngomeni upande wa malkia. Cheki maana yake: kwa hatua hiyo moja mfalme alipata usalama na ngome ikatua d1, ikimkodolea macho farasi wa d7 aliyekuwa amebanwa mbele ya mfalme wake. Hatua ya 17, chekimeti. Kwake, kujificha kulikuwa pia kushambulia.

Sasa usiende kuingia ngomeni kila mechi kama roboti. Ukiwahi sana, unamwambia mpinzani anwani ya nyumbani. Tuseme unacheza weusi na umeshaingia ngomeni upande wa mfalme, yeye bado. Askofu wake anakuja g5 kumbana farasi wako wa f6. Unamfukuza kwa h6, naye badala ya kurudi anasukuma h4. Ukila askofu, kitunda chake kinakula g5 na faili ya h inafunguka, ngome yake ikiwa bado imekaa h1 ikikungoja. Hapo unaweza kulia.

Kwa hivyo kabla ya kuamua, jiulize mambo matatu. Kwanza, katikati ya bodi kunafunguka? Kama vitunda vya d na e vinakaribia kuliwa, ingia leo, si kesho. Kama vimefungana, una muda wa kupumua. Pili, vikosi vya mpinzani vinaangalia upande gani? Usimpeleke mfalme mahali ambapo malkia, askofu na farasi wake tayari wamepiga kambi. Tatu, vitunda vya mbele ya nyumba hiyo bado viko sawa, au ulivisukuma ovyo?

Ukikosa jibu, ingia tu. Kwa sisi wachezaji wa kawaida, wanaopigwa kwa kuchelewa ni wengi kuliko wanaopigwa kwa kuwahi.

Mimi siku hizi nacheza kwa simu nikiwa kwenye matatu, dakika kumi kumi. Kitunda cha b7 bado hunikonyeza. Namwacha anikonyeze, naenda g1 kwanza.