Je, Wajua? Chungu cha Udongo ni Pango la Samaki

Je, wajua kwamba chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni pambo salama na la bei nafuu ndani ya tangi la samaki? Udongo uliochomwa vizuri hauyeyuki majini. Vitundu vyake vidogo huwa makazi ya bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali.

Vyungu huwafaa hasa samaki wa Ziwa Tanganyika wa jenasi ya Julidochromis, ambao kwa asili hutaga mayai kwenye mianya ya miamba. Laza chungu ubavu, nao watakifanya pango lao.

Kabla ya kukitumia:

• Chagua kipya, kisichowahi kutiwa mbolea wala dawa ya mimea. Epuka kilichong'arishwa, kwani baadhi ya ving'arishi vina madini ya risasi.
• Kisugue kwa maji moto na brashi, bila sabuni, maana udongo huinyonya.
• Kiloweke kwa saa 24.
• Lainisha kingo zake kwa msasa na uzibe tundu la chini kwa jiwe, samaki asije akakwama.